"Kulizuka malumbano": neno hili asili yake nini?

Mama Asali: Habari zenu. Nauza asali sokoni hapa Tabora mjini. Juzi wauzaji tulikaa kikao kuhusu ushuru wa meza. Watu walisema kwa ukali, ni kweli. Mimi nilisimama na ndoo yangu ya lita kumi nikaeleza mbele ya wote kinachobaki mkononi baada ya nauli, chupa na ushuru. Muhtasari ulipokuja, hayo yote ni mstari mmoja: "Kulizuka malumbano, mwenyekiti akatuliza." Imeniuma. Marehemu baba alikuwa akimsifia mtu ajuaye kusema, "huyu mlumbi." Sasa malumbano yamekuwaje fujo?

Mwalimu wa Ng'ambo: Dada, baba alisema sawasawa. Mzizi ni *lumba*, kusema kwa ufasaha mbele za watu. Mwenye kipaji hicho ni mlumbi, umahiri wake ni ulumbi. Tia *-ana* ya kutendana, kama piga na pigana, unapata *lumbana*: huyu anasema, yule anamjibu. Ndipo yakaja malumbano, kama mashindano yalivyotoka kwenye shindana. Humo hamna ngumi wala matusi. Washairi wetu wamelumbana kwa beti magazetini tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza 1923. Hata ng'ambo ya mpaka, Wabemba wa Zambia wana *lumbanya*, kusifu, na Watonga wakishukuru husema "twalumba". Mimi naona ni ukoo mmoja.

Kijana wa Isevya: Shikamoo mwalimu. Ila neno haliishi kwenye mzizi tu. Siku hizi ukisikia malumbano, ujue watu wameacha kusikilizana. Kijiweni kwetu tunaita ligi. Mtu wa Yanga na wa Simba wakianza, hata ukimwonyesha mmoja matokeo kwenye simu, anaendelea kubisha. Dada alitoa hesabu. Huo ulikuwa mjadala.

Mwalimu wa Ng'ambo: Marahaba. Kwa matumizi ya leo sikupingi. Lakini ukali wa sauti usitumike kufuta hoja ya mtu! Januari 1958 TANU walikutana hapa hapa Tabora kuhusu kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi waliona ni dharau. Nyerere akataka chama kiingie kwenye uchaguzi hivyohivyo. Walisemana kwelikweli, mwisho wakakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitoa na kuanzisha chama chake, African National Congress (ANC). Tunajua nani alisimama wapi kwa kuwa hoja zao zilihifadhiwa. Je, ingeandikwa tu "kulizuka malumbano"?

Mama Asali: Mwalimu, umenitoa machozi. Nimwambie katibu alifute?

Katibu Mstaafu: Usihangaike na kulifuta, mama. Kikao kijacho, wakifika kwenye kuthibitisha muhtasari, kabla ya yatokanayo, yaani mambo yaliyotokana na kikao kilichopita, nyoosha mkono useme kuna upungufu. Taja vitu: nani alipinga ushuru, nani aliutetea, wewe ulitoa hesabu gani, kikao kiliamua nini. Mpe katibu karatasi yenye hayo, usimwachie akumbuke mwenyewe. Tafuta na mwenzako mmoja aliyekuwepo aunge mkono. Wakikataa, omba kukataa kwao nako kuandikwe.