MREJESHO: Maktaba yangu ya QB64 imekubali

Wakuu, niliahidi kurudi. Kwa aliyepitwa: niliuliza namna ya kuandika SUB na FUNCTION zangu (vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina; FUNCTION hurudisha jibu) mara moja tu, nizitumie kwenye programu zote za QB64 (lugha ya BASIC ya kisasa) bila kunakili na kubandika kila siku.

Nimegawa mafaili mawili kama mlivyoshauri. duka.bi lina CONST, TYPE na DIM SHARED (matangazo ya thamani zisizobadilika, aina za data na vigeu vya pamoja), naliita juu kabisa ya programu:

'$INCLUDE:'duka.bi'

duka.bm lina SUB na FUNCTION, naliita mwisho kabisa. Mimi nilikuwa nimeyaweka yote juu, kumbe QB64 haitaki programu kuu ije baada ya SUB. Na ile alama ya ' mwanzoni msiifute mkidhani ni ya maoni. Mimi niliifuta.

Ila kilichonila siku mbili ni hiki. Nina FUNCTION ya kuhesabu tarakimu za namba, inagawa namba hiyo kwa 10 hadi kufika sifuri:

DO: c% = c% + 1: n& = n& \ 10: LOOP UNTIL n& = 0

Jumla& ni 45000, naita Tarakimu%(Jumla&), jibu 5. Safi. Nikichapisha risiti, jumla 0! Kumbe QB64 haipeleki nakala ya kigeu kwenye FUNCTION, inapeleka kigeu chenyewe, hivyo jumla yangu ndiyo iliyokuwa ikigawanywa. Nimeongeza t& = n& mwanzoni, kisha nagawa t&. Imetulia.

Zile .QLB zangu (maktaba zilizokwisha kukusanywa) za QuickBASIC 4.5, BASIC ya zamani ya Microsoft, hazisomeki humu. Nimerudi kwenye msimbo wake asilia. Asanteni sana, hasa aliyesema niweke OPTION _EXPLICIT (inalazimisha kila kigeu kitangazwe kwanza).