Item ya pH: NaOH na H₂SO₄, ni 7, 1,3 au 1,7?

Finaliste_Katuba
Wakubwa, naombeni msaada, Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, Kongo) inakaribia. Item, yaani swali la kuchagua jibu, inasema: changanya mL 200 za NaOH 0,1 M na mL 200 za H₂SO₄ 0,1 M. pH ya mchanganyiko ni ngapi? a) 7 b) 1 c) 1,3 d) 1,7 e) 12,7. Ujazo sawa, ukolezi sawa, mimi naona 7. Korije (karatasi ya majibu sahihi) inasema c. Kwa nini?

Yaya_Kamalondo
Mdogo wangu, hiyo 7 imewekwa kumngoja anayeona 0,1 na 0,1 halafu anafunga daftari. H₂SO₄ inatoa H⁺ mbili. Hesabu moli kwanza:
OH⁻: 0,2 × 0,1 = 0,02
H⁺: 0,2 × 0,1 × 2 = 0,04
Inabaki H⁺ 0,02. Hapa ndipo wengi wanaanguka mara ya pili, maana ujazo sasa ni mL 400. 0,02 ÷ 0,4 = 0,05 M. Kalkuleta haihitajiki: 0,05 ni 5 × 10⁻², log 5 ni 0,7, basi pH = 2 − 0,7 = 1,3.
Aliyegawa kwa 0,2 anapata b. Aliyesahau kugawa anachukua log ya 0,02 na kuangukia d. Aliyegeuza pH na pOH, e. Kila jibu la uongo lina mtu wake.

Labo_Ruashi
Hesabu iko sawa, yaya, ila item yenyewe ina kasoro. H⁺ ya pili ya H₂SO₄ haitoki yote: Ka (kipimo cha jinsi asidi inavyoachia H⁺) ya HSO₄⁻, yaani H₂SO₄ iliyokwisha kutoa H⁺ moja, ni kama 0,012 kwenye 25 °C. Hapa NaOH imemaliza H⁺ ya kwanza tu, kwa hiyo kwenye mL 400 tunabaki na HSO₄⁻ 0,05 M. x² ÷ (0,05 − x) = 0,012 inatoa x = 0,019, pH 1,7 hivi. Yaani d, jibu la aliyesahau kugawa, ndilo lililo karibu zaidi na kilichomo kwenye chupa!

Finaliste_Katuba
Sasa nitie alama wapi?

Yaya_Kamalondo
Kwenye c. Ruashi ana haki, lakini item isipotoa Ka, H₂SO₄ inahesabiwa kuwa imeachia H⁺ zote mbili. Ukiona Ka imeandikwa, fuata njia yake.
Na hiyo "mbili" inakuvizia pia kwenye elektrolizi (kutenganisha kwa umeme). Cu²⁺, ioni ya shaba, inachukua elektroni 2. Ampea 2 kwa sekunde 965 ni kulombi 1930; gawa kwa 96 500, ni moli 0,02 za elektroni; gawa kwa 2, ni moli 0,01 tu za Cu: g 0,635. Tafuta 1,27, ya aliyesahau kugawa kwa 2, kati ya majibu, huwa haikosi. Na mtoto wa Lubumbashi, mji wa shaba, kukosa hesabu ya shaba, hapana!

Finaliste_Katuba
Aksanti yaya. Al³⁺ basi nagawa kwa 3?

Labo_Ruashi
Ndiyo. Ag⁺ kwa 1, na hapo wengine wanagawa kwa 2 kwa mazoea.