Ninyi wa ofisi za chuo, mnatusainisha fomu ya kupunguza kozi, hamsemi kwamba bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, linakatika. Imetosha!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Asije mtu hapa kunipoza kwa "pole dada, Mungu atafungua njia". Njia ninayoitafuta iko mikononi mwa watu wanaolipwa mshahara kila mwezi, na wamenyamaza.

Iko hivi. Mwanafunzi kaahirisha masomo kwa sababu inayoeleweka, karudi na barua zake zote. Idara yake yenyewe ikamshauri apunguze kozi mbili kwa kuwa ratiba zinagongana. Akafaulu kila kozi aliyoifanyia mtihani, hana sapu (mtihani wa kurudia), hana keri (kozi ya kubeba mwaka unaofuata). Mwaka unaofuata anakwenda kusaini bumu, jina halimo. Anaangalia ada, haijaingia. Akiuliza anajibiwa "hujakamilisha mwaka". Mwanafunzi huyo ni mimi, na siko peke yangu, maana kwenye benchi la dawati la mikopo nimekaa na wenzangu wenye kilio hiki hiki.

Chuo sikitaji. Kipo hapa hapa Mwanza, na ninavyosikia kwa wenzangu, wa vyuo vingine nao hawako salama.

Niliahirisha nikiwa mwaka wa pili. Mama alilazwa hospitali ya Bugando, na kati ya watoto wake mimi ndiye niliyekuwa karibu, wengine wanahangaika na maisha Geita na Kahama. Barua ya hospitali nilipeleka. Fomu ya kuahirisha ilipita kwa mkuu wa idara, ikapanda kwa mkuu wa kitivo, ikagongwa mhuri. Mama alipopata nafuu akarudi kwake Sengerema, nami nikaandika barua ya kurejea. Nafika darasani nakuta mtaala umebadilishwa. Kozi nilizokwisha kuzifaulu zimehamishwa muhula, kozi za mwaka wa kwanza ambazo enzi zetu hazikuwepo natakiwa nizifanye, na kozi mbili za mwaka wa pili zinafundishwa saa zile zile na hizo mpya. Mkuu wa idara akaitazama ratiba, akasema, "Hizi mbili ziache, utazichukua mwakani, haina shida." Akanipa fomu. Nikajaza, akasaini, ofisi ya mitihani ikapokea. Katika mlolongo wote huo hakuna aliyeutaja mkopo. Fomu yenyewe haina hata mstari mmoja unaouliza kama wewe ni mnufaika.

Sasa wadogo zangu mlioko mwaka wa kwanza someni hapa taratibu, kwa sababu wengi tunachojua kuhusu mkopo ni kusaini tu.

Digrii ya miaka mitatu hapa kwetu haipungui krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, darasani na nje ya darasa. Kozi zangu mbili zilikuwa za krediti 12 kila moja. Ziondoe, unabaki na 96. Idarani hilo ni suala la ratiba tu, wanalimaliza kwa kalamu. Dawati la mikopo wanaona mtu ambaye hajamaliza mwaka wa pili. Na mkopo wa anayeendelea unategemea matokeo ambayo chuo chenyewe kinayapeleka Bodi ya Mikopo. Bodi inalipa kwa orodha, haikujui wewe wala mama yako aliyekuwa wodini. Chuo kikikuandika kwamba huendi mwaka wa tatu, hakuna mahali palipoandikwa kwamba umefaulu vyote ulivyosoma na kwamba ni chuo hicho hicho kilichokuambia uache viwili. Unawekwa fungu moja na anayerudia mwaka kwa kufeli. Mimi dirishani niliambiwa wazi: mwaka huu hulipiwi, kamilisha hizo kozi kwa gharama zako, ukifaulu ndipo tutakurudisha kwenye orodha.

Afisa mikopo akaniambia, "Dada'angu, hayo ya kozi si yangu, nenda idarani." Nikaenda idarani. "Haya ya mkopo hatuyajui sisi, nenda kwa afisa mikopo." Ofisi hizo mbili zinatenganishwa na ngazi za ghorofa moja! Wanapishana kwenye korido kila asubuhi, wanakunywa chai kantini moja, halafu taarifa ya mwanafunzi haiwezi kuvuka kutoka meza hii kwenda ile mpaka aibebe mwenyewe, tena wakati umeshapita.

Bumu la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, kabla ya hapo lilikuwa 8,500. Likitoka la siku 60 ni laki sita. Kwa laki sita nilikuwa nalipia chumba Malimbe, nakula, na nabakiza nauli ya kwenda kumwona mama, safari ambayo tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 haina tena kusubiri kivuko. Sasa mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mimi nimeingia soko la Mwaloni, Kirumba, kununua dagaa na kuwapelekea wateja Igoma na Kisesa.

Anayeijua biashara ya dagaa anajua ninachokisema. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi wanapumzika, mzigo unaadimika na bei inapanda. Siku hizo mtaji mdogo kama wangu hauna pa kushika, unaishia kuliwa. Na mbalamwezi haiulizi kama wiki hiyo kuna testi. Giza likirudi mzigo unashuka asubuhi, na asubuhi hiyo hiyo kozi yangu mojawapo ina kipindi. Nikikimbilia darasani, wenzangu wananunua mzigo mzuri mimi sipo. Nikikimbilia mzigo, nakosa kipindi cha kozi ambayo nikiifeli mkopo ndio haurudi tena. Yaani wamenikata miguu halafu wanasubiri nishinde mbio ndipo wanirudishie.

Na deni liko pale pale. Kila shilingi niliyosaini tangu mwaka wa kwanza nitailipa, na sina ugomvi na hilo, nilikopa. Nashukuru hata kwa lile lililotangazwa hapa hapa kwetu, Mei Mosi ya 2021 uwanja wa Kirumba, Rais Samia alipoiondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Ile tozo iliwatafuna kaka zetu na dada zetu, mtu analipa miaka na deni halipungui. Lakini makato ya asilimia 15 ya mshahara yapo, na aliyeishia njiani naye anadaiwa kama aliyemaliza: miezi 24 tangu amalize au aache chuo, anatakiwa awe ameanza kulipa. Fikirieni binti wa Ukerewe aliyejifungua katikati ya mwaka, akashauriwa apunguze kozi ili apate muda wa kunyonyesha, mkopo ukakatika, akashindwa kujikimu, akapanda meli akarudi Nansio. Anarudi na mtoto na deni la mamilioni, cheti hana. Hilo linaniuma kuliko bumu langu.

Kuna watakaosema "kila nchi iko hivyo, ukiacha masomo unakatwa hela". Nina binamu yangu amehamia Marekani na anasoma chuo huko kwa msaada wa serikali yao, nikamuuliza. Kule sheria ni kali, labda kuliko hapa. Msaada unahesabiwa kwa idadi ya krediti ulizojiandikisha, na 12 kwa muhula ndio mzigo kamili, ukishuka chini ya hapo ruzuku inaweza kupungua. Kila chuo lazima kiwe na kipimo cha maendeleo ya masomo. Vyuo vingi vinataka uwe umemaliza angalau asilimia 67 ya krediti zote ulizojaribu, na kozi uliyoiacha katikati inahesabiwa kwamba uliijaribu na hukuimaliza. Ukiacha kozi zote kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya fedha inarudishwa, na chuo kinaweza kukudai wewe. Aliyerudi baada ya kusimama anapimwa pamoja na rekodi yake ya zamani. Kali kweli. Ila binamu anasema vipimo hivyo vimeandikwa wazi, na alipotaka kuacha kozi ya hesabu, mshauri wa chuo alimtuma kwanza ofisi ya fedha wakamwonyesha kwa tarakimu atapoteza nini. Akachagua akiwa anajua, akabaki darasani. Na mwanafunzi aliyeshuka chini ya kipimo kwa sababu ya kuugua au kufiwa, chuo kinaweza kumruhusu akate rufaa na vielelezo vyake.

Mimi sikupewa nafasi ya kuchagua. Ningeambiwa siku ile kwamba hizi kozi mbili zina uzito wa bumu la mwaka mzima, ningesoma usiku na mchana, ningeomba kundi jingine la semina, ningemwomba mwalimu anihamishie kipindi, ningepiga magoti kama ikibidi.

Na wale wa "soma mwongozo, soma kitabu cha chuo", nimevisoma vyote viwili. Hakuna ukurasa unaosema mkuu wa idara akikushauri upunguze kozi ujue mkopo unasimama. Kila ofisi imeandika mambo yake kwa lugha yake, na kazi ya kuunganisha vipande inaachiwa mtoto wa miaka 21 aliyetoka kijijini, ambaye hata neno krediti amelisikia mara ya kwanza siku ya usajili. Aliyesomea kazi hiyo na analipwa kwa kazi hiyo ndiye aunganishe.

Ninachotaka si kikubwa. Fomu ya kuacha kozi na ya kuahirisha masomo iwe na sehemu ya afisa mikopo, asaini kwanza, na aandike kwa maneno mkopo utakuwaje. Isiposainiwa hapo, isipokelewe. Aliyepunguza kozi kwa maelekezo ya idara asichanganywe na aliyefeli, chuo kimwandikie Bodi barua inayoeleza hivyo. Orodha ya majina yenye tatizo ibandikwe kabla chuo hakijafunga, siyo siku ya kusaini wakati kila mtu ameshachukua chumba. Na serikali ya wanafunzi, ninyi tuliowapigia kura, mna waziri wa mikopo. Tangu nilete malalamiko haya sijaona tangazo hata moja kutoka kwake. Amkeni.

Nyongeza: nimeona maswali mengi PM (ujumbe wa faragha), najibu hapa. Kama umeahirisha au umeacha kozi, usingoje siku ya kusaini. Nenda dawati la mikopo sasa hivi na nakala ya barua ya kuahirisha, barua ya kurejea na fomu ya kozi, uliza umeandikwaje kwenye taarifa zinazokwenda Bodi, na omba wakuandikie jibu, lisiwe la mdomo. Usiache nakala yako halisi kwa mtu. Walioelekezwa na idara kupunguza kozi na wamekatiwa kama mimi, tujiandikishe majina na kozi tulizoachishwa, tupeleke barua moja kwa mkuu wa chuo wiki hii. Barua nimeshaiandika, nakala nampelekea na mlezi wa wanafunzi. Anayetaka kuisaini aje, napatikana mchana baada ya kutoka Mwaloni.