Tupeane uzoefu: infiniti puli za Malindi na Lamu, wewe yalikukuta yapi?

Jamani wa pwani naanza mimi. Nimekuwa puli boi hoteli moja hapa Malindi miaka minne, mgeni akifika hata funguo ya chumba hajapewa ashauliza puli iko wapi apige picha, na ataka ile ambayo maji yake yaonekana yameungana na bahari. Kuna mama wa kizungu aliniita mwezi wa tano, mbona bahari imekuwa rangi ya chai ya maziwa na puli ni buluu? Nikamwambia mama hiyo ni Sabaki, mvua imenyesha bara mto umeshusha matope. Akauliza itasafishwa lini 😂 Leteni zenu.

Fundi Pampu: Ule ukingo hauna maajabu, ukuta wa upande mmoja umeshushwa kidogo maji yamwagike, chini kuna tangi layapokea, pampu yayapitisha kwa filta yarudi juu. Kazi ni kuupiga levo, ukienda upande milimita chache tu kwengine kwamwagika kwengine kukavu. Kuna bosi alinipigia usiku analia puli imepasuka, kumbe stima imepotea, pampu imezima, maji yameshuka chini ya ukingo basi. Mwengine alibana pesa akajenga tangi dogo, siku ya harusi vijana kama kumi wakajitosa pamoja, maji yakafurika mpaka bustanini, walipotoka puli ikabaki pungufu.

Mwana Shela: Mimi nilimpeleka nyanya kumuona mjomba kazini, villa moja huku Lamu. Nyanya kakulia nyumba ya mawe yenye birika, lile tangi la maji la kujengewa, na samaki wadogo mle ndani wa kula viluwiluwi vya mbu, maji wachota kwa kata. Akasimama kuangalia yakimwagika. "Haya ni matamu ama ya chumvi?" Matamu nyanya. "Na yamwagika hivi kutwa?" Mjomba akamueleza yarudishwa na mashine, hayapotei. Akasema, "na yale yanywewayo na jua, mashine yayarudisha?" Mjomba kimya. Wa huku twajua maji matamu yatoka chini ya michanga ya Shela, na visima vingine vishaanza chumvi.

Binti Kisumu Ndogo: Nyie mwaharibu raha, mimi ni timu puli. Nilikuwa nimeona ile ya Marina Bay Sands kule Singapore, ghorofa ya 57, nikaweka akiba miezi mitatu ya besdei yangu hapa Malindi. Gauni la rangi ya machungwa nimenunua makusudi nipigwe picha na jua likizama majini. Saa kumi na mbili jioni nageuka, jua liko nyuma ya jikoni! Bahari yetu iko mashariki na mimi nimezaliwa hapa hapa. Na maji yamekupwa, mbele ni mwamba na mwani tu. Lakini kuegemea pale ukingoni kidevu juu ya maji, wacha tu, nitarudi, mara hii alfajiri.

Mwanzilishi: Dada alfajiri usije, usiku pampu twazima, ukingo utaukuta mkavu. Mimi nawasha saa moja nikishaokota majani.