Rangi ya kigari imepauka, nifanyeje?

Wakuu, nipo Ngamiani, Tanga. Naunda Land Rover ya plastiki, kipimo cha 1/24, yaani urefu wake ni sehemu moja ya 24 ya gari halisi. Jana jioni, mvua imetoka kunyesha, nikaipulizia kijani ya kopo barazani. Asubuhi boneti nyeupe kama kiwiko kisichopakwa mafuta. Wiki tatu za msasa! Nifute kwa thina ya gereji?

— Usithubutu, inayeyusha plastiki. Huo ni unyevu ulionaswa kwenye rangi. Ngoja jua la saa tano, loweka kopo kwenye maji ya uvuguvugu, upulize mkono mwepesi. Rangi mpya hulainisha ya chini, weupe ukaondoka.

— Na barazani vumbi, mkuu. Mie hukaushia chini ya beseni.

— Ahsanteni, boneti imerudi. Ila mlangoni kanasa mbu. Namwacha, abiria huyo.