Mashine ya masikio ya mama: ya betri au ya kuchaji, ipi itadumu huku Tanga?

MwanaRaskazoni:
Habari za jioni wakuu. Mama ana miaka 74, anavaa mashine ya nyuma ya sikio, huu ni mwaka wa sita. Wiki ya tatu sasa sauti inakuja na kupotea, na akitafuna inapiga mluzi. Dukani wameniambia imeshakula umri wake, ninunue nyingine. Chaguo ni mbili: ya nyuma ya sikio kama hii, ya betri za kubadilisha, au kadogo ka kuingia ndani ya sikio, ka kuchaji. Bei hazipishani sana. Tunaishi karibu na bahari, na umeme wa kukatika mnaujua. Waliotumia, nipeni uzoefu.

ChumaUlete:
Mkuu chukua ya kuchaji, usijiulize mara mbili. Babu yangu mikono inatetemeka, vile vibetri alikuwa anaviangusha tunavitafuta chini ya kitanda na tochi. Sasa usiku anaiweka kwenye boksi lake kama simu, asubuhi anavaa.

BibiWaNyali:
Mwanangu, mimi mwenyewe navaa tangu 2009, hii ni ya tatu. Ya kwanza ilikuwa hiyo ya ndani ya sikio. Nilipenda kwa kuwa haionekani chini ya buibui. Haikufika miaka mitatu. Spika yake yakaa mle mle kwenye nta na jasho, na joto la Mombasa walijua. Za nyuma ya sikio zimenikalia zaidi ya miaka sita kila moja, maana mashine yenyewe iko nje, kinachoingia sikioni ni kiziba na kampira ka kupitishia sauti tu.

Kila usiku naipangusa kwa kitambaa kikavu, natoa betri, naacha kimlango wazi, naitia kwenye kopo lenye shanga za silika na kifuniko nakikaza. Betri haiingii koponi, yakauka ife mapema. Zangu ni za rangi ya chungwa, zikishiba unyevu zageuka kijani, nazirudisha kwenye oveni moto mdogo mpaka rangi irudi. Wako watakaokwambia utie kwenye mchele. Mchele pikia pilau.

FundiUsikivu:
Kabla ya ipi idumu, swali: mpira wa hiyo mashine umebadilishwa lini mara ya mwisho?

Nauliza kwa sababu dalili zako si lazima ziwe za mashine iliyokufa. Kweli, nyingi huishi miaka 3 hadi 7, hivyo dukani hawakukudanganya. Lakini mpira ule hukauka, hugeuka njano na kupasuka. Inatakiwa ubadilishwe kila baada ya miezi 3 hadi 6, na watu wengi hawaambiwi. Mluzi wakati wa kutafuna ni sauti inayovuja pembeni ya kiziba na kurudi kwenye maiki: kiziba kimelegea, au sikio limejaa nta. Sauti ya kuja na kupotea mara nyingi ni tone la jasho ndani ya mpira, au vyuma vya betri vimeshika kutu.

Kuhusu chaguo lako: betri namba 13 (kibandiko cha chungwa) hukaa wiki moja hadi mbili hivi. Ukibandua kibandiko, subiri dakika moja iingize hewa ndipo uiweke. Ukishabandua umebandua, kukirudisha hakuokoi kitu. Ya kuchaji haina usumbufu huo, ila baada ya miaka 4 au 5 chaji yake huanza kuisha mapema. Kwa hiyo waulize: betri ya ndani inabadilishwa hapa hapa, au mashine nzima inasafirishwa nje? Wakijikanyaga kujibu, jua mama atakaa kimya wiki kadhaa.

ChumaUlete:
Hilo la kusafirisha sikuwahi kuuliza. Ya babu ina mwaka na nusu tu. Ngoja nipige simu kesho.

MamaPacha:
Kama kuna wajukuu nyumbani, betri zifungiwe, hata zilizoisha. Mtoto akimeza ni kukimbia hospitali saa hiyo hiyo, zinachoma koo kwa ndani.

MwanaRaskazoni:
Wakuu mrejesho. FundiUsikivu, mpira ulikuwa wa njano kama ukucha wa mzee, na umepasuka pale unapoungana na mashine. Tangu inunuliwe haujaguswa! Wamembadilishia kwa hela isiyofika kilo mbili za nyama, wakamsafisha na masikio. Mluzi umebaki kidogo, wamechukua umbo la sikio watengeneze kiziba kipya. Mpya sinunui kwa sasa. Siku hii ikigoma kabisa ni nyuma ya sikio tena, namba 13, mikono ya mama bado imetulia. Jana usiku amelalamika kuwa feni ina kelele.

BibiWaNyali, kopo tayari, la siagi. Ila shanga nimepata za bluu tu, za chungwa hakuna.

BibiWaNyali:
Za bluu kazi ni ile ile, zikilowa zageuka pinki. Ila rangi yake ina sumu. Zitie kwenye kijifuko cha kitambaa, wajukuu wasizichezee, nawe ukizishika nawa mikono.