Mimi Mkatoliki, mchumba wangu Mwislamu: harusi tunaipangaje?

Tumaini_K:
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, hasa kwa waliopitia. Mimi ni Mkatoliki, mchumba wangu Mwislamu. Hakuna anayemtaka mwenzake abadili dini, hilo tulishalimaliza. Kinachotusumbua ni siku yenyewe. Mama anataka anione naingia kanisani nimeshikwa mkono na baba. Baba mkwe mtarajiwa naye kasema wazi kwamba bila nikaha yeye haitambui ndoa. Mchumba wangu akaja na wazo: asubuhi nikaha, mchana kanisani, jioni wote ukumbini. Kila mtu kafurahi, ila mimi nikivuta picha ya paroko akilisikia hilo, tumbo linanikata. Inawezekana kweli? Kama haiwezekani, tuanzie wapi? Na tafadhali, msiniambie niachane naye. Hilo nimeshalisikia la kutosha nyumbani.

Kalamu Nyekundu:
Umekataza tusiseme, mimi nasema. 2 Wakorintho 6:14: msifungiwe nira pamoja na wasioamini. Nimemaliza.

Bibi Shamba:
@Kalamu Nyekundu hujaulizwa. Tumsaidie binti wa watu.

Katekista Mstaafu:
Binti yangu, tumbo lako limekuambia ukweli. Wazo la asubuhi na mchana halipiti. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1127, inakataza kufanya ibada nyingine ya dini, kabla au baada, ambayo ndani yake mnapeana tena ridhaa ya ndoa. Inakataza pia padri na kiongozi wa dini nyingine wasimame pamoja, kila mmoja akiendesha ibada yake na kuwauliza ridhaa. Ridhaa inatolewa mara moja tu.

Ila mlango haujafungwa. Kwa kuwa mwenzako hajabatizwa, unahitaji ruhusa ya askofu (kanuni ya 1086), na bila hiyo ndoa ni batili hata mkifungia kanisani. Ukishaipata, mnaweza kufunga kanisani, kwa kawaida bila Misa. Au mnaomba ruhusa ya pili, ya kufunga nje ya utaratibu wa Kanisa, na hapo nikaha yenyewe inaweza kuwa ndiyo ndoa yenu, na Kanisa likaitambua. Wengi hawajui kama hiyo njia ipo. Maombi yote yanapitia kwa paroko, kwa hiyo mwone mapema, kabla hamjalipia ukumbi.

Kuna ahadi utakayotoa: kuilinda imani yako na kufanya yote uwezayo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Unaahidi wewe peke yako. Zamani pande zote mbili zilitakiwa kuahidi, utaratibu huo ukabadilishwa mwaka 1970. Siku hizi mwenzako anajulishwa tu kwamba umeahidi, lakini lazima ajulishwe.

Abuu Salma:
Dada, upande wetu ni mwepesi kuliko unavyodhani, kwa sababu wewe ndiye mwanamke. Sura Al-Maida aya ya 5 inamruhusu mwanamume wa Kiislamu kuoa mwanamke msafi miongoni mwa waliopewa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo. Ingekuwa kinyume chake, wanachuoni karibu wote wangekataa. Nikaha inataka walii wako (msimamizi anayekuozesha), mashahidi wawili, mahari, na kauli ya kuozesha na kukubali. Mashehe wengi wanakubali baba yako awe walii wako ingawa ni Mkristo. Mzee wako mwambieni hilo, huenda likamlainisha: binti anamwozesha yeye mwenyewe.

Na kuna jambo ambalo watu hulikumbuka msibani. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Mumeo anaweza kukuandikia wasia usiozidi theluthi ya mali yake. Aandike mapema, na mali mtakayochuma pamoja iwe na majina yenu wote wawili.

Pilipili Hoho:
Mbona mnajitesa? Nendeni kwa msajili, mtie saini, mle pilau ya amani.

Katekista Mstaafu:
@Pilipili Hoho kwa Mkatoliki, ya msajili pekee bila ruhusa haitambuliwi na Kanisa. Atazuiwa komunyo. Kama hilo halimsumbui, sawa, ila yeye kasema linamsumbua mama yake.

Mke wa Mtu:
Mimi nimepitia, nipo kwenye ndoa kama hiyo. Tulifunga kanisani kwa ruhusa, kisha kwa wakwe ikasomwa dua tu, hakuna aliyeulizwa tena "umekubali?". Wakwe walinung'unika, wakazoea. Ukumbini hatukuweka vileo, na nyama ilichinjwa na Mwislamu, kwa hiyo wote walikula meza moja. Mshereheshaji tulimwambia asitanie dini ya mtu. Usilidharau hilo, utani mmoja mbaya unakumbukwa kuliko keki.

Lakini hayo ni madogo. Padri wetu alitukalisha, akasogeza makaratasi pembeni, akauliza: "Mtoto akizaliwa usiku wa leo, asubuhi anaadhiniwa sikioni, au mnaniita nije kubatiza?" Tukatazamana. Tulikuwa tumeshachagua hadi rangi ya vitambaa vya meza. Ilibidi harusi isogezwe mbele mpaka tupate jibu.

Tumaini_K:
Asanteni sana. @Mke wa Mtu, jana usiku nilimuuliza mchumba swali hilohilo. Alinyamaza, kisha akasema "tutaona mbele ya safari, mtoto hufuata dini ya baba lakini hatutagombana".

Mke wa Mtu:
Mdogo wangu, hapo keshajibu. Kasema mtoto hufuata dini ya baba, na wewe unakwenda kumwahidi Mungu kinyume chake. Simwiti mbaya, ndivyo alivyolelewa. Ila msipange kitu kingine mpaka hili mlimalize nyinyi wawili, bila wazazi.

Abuu Salma:
Naunga mkono. Na aijue ahadi yako kwa maneno yako mwenyewe, asije kuisikia mara ya kwanza mbele ya padri. Mwanamume akihisi amefichwa, hata la kukubalika atalikataa.

Tumaini_K:
Sawa. Ukumbi nimeshaomba watushikilie bila kulipa. Tutakwenda kwa paroko wote wawili, na kabla ya hapo nitamsomea ile ahadi neno kwa neno. @Katekista Mstaafu, niende na nini?

Katekista Mstaafu:
Cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, usipeleke kile cha utotoni. Na mwenzako mwenyewe. Paroko atataka kumsikia yeye.